UZI: Kapu la nyumba la wanandoa na namna ya kutoka kwenye ovadrafti, kwa hesabu za Mwanza

Mhasibu_Pasiansi (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu. Huu ni uzi wa hesabu. Wenye mahubiri ya ndoa wakafungue wa kwao.

Nazungumzia nyumba yenye vipato viwili, kimoja cha mshahara na kingine cha biashara, ambayo mshahara ukiingia unakuta umeshaliwa. Benki inakata advansi ya mwezi uliopita (ovadrafti ya mshahara, hela unayochukua kabla hujalipwa), simu inakata deni la kumalizia muamala (mtandao unakuongezea hela salio likipungua), kinachobaki hakivuki tarehe 10, mnakopa tena. Kipato kinaweza kuwa kinatosha kabisa na mzunguko huo usikatike, kwa sababu kila mwezi mnaishi kwa hela ya mwezi unaofuata.

Tuchukue nyumba ya mfano tuitumie uzi mzima. Mume ni mwalimu Buhongwa, mkononi anapata 640,000. Mke anachukua dagaa soko la Mwaloni Kirumba anauza Igoma. Mwezi mzuri analeta faida ya 420,000, mwezi mbaya 280,000. Madeni yao:

Advansi ya mshahara benki, 300,000 kila mwezi, inakatwa yote mshahara ukiingia na wanaichukua upya siku hiyo hiyo.
Deni la kumalizia muamala kwenye simu, 85,000, linatozwa ada kila siku.
Kausha damu (mkopo wa mtaani wenye riba kubwa na marejesho ya kila siku), wamebakiza marejesho ya 200,000.
Daftari la duka la mtaani, 45,000.

Kabla ya kulipa shilingi moja, tafuteni deni lilipoanzia. Mnatoa taarifa za miamala za miezi sita, benki na simu zote, laini ya pili ikiwemo, mnazungushia kalamu kila siku mliyokopa, kisha mnaangalia ndani ya siku tatu kabla yake kililipwa nini. Kwa nyumba nyingi za kupanga hapa mjini jibu ni kodi. Chumba na sebule cha 80,000 si mzigo mkubwa kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, 480,000, na hakuna mwezi wenye 480,000 ya ziada. Jibu la pili ni Januari ya shule. Elimu haina ada kwenye shule za serikali, lakini sare, madaftari, viatu na chakula cha shuleni havijafutwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kila kinacholipwa kwa mpigo kigawanywe kwa miezi na kiwekwe pembeni kila mwezi. Kodi 80,000. Shule, jumlisha ya mwaka mzima, gawa kwa 12. Msipofanya hivyo mtalipa deni lote na Julai mtarudi palepale.

---

Dada_Nyegezi

Umesema vizuri mkuu, ila naongeza la michango. Harusi, kitchen party, msiba, kipaimara. Huku kwetu kadi ya mchango ikifika haina mlango wa kutokea, na ndiyo inayowakopesha watu usiku saa tatu kwenye simu. Iwekewe fungu lake, tuseme 40,000 kwa mwezi, likiisha mnaahidi mwezi ujao. Msiba haungoji, kwa hiyo harusi ndiyo inayopunguzwa. Na ahadi itolewe na wote wawili. Mmoja akiahidi 100,000 kwenye kikao cha harusi bila mwenzake kujua, bajeti imeshakufa pale pale kwenye kiti cha plastiki.

---

Mhasibu_Pasiansi

Sahihi. Sasa kapu lenyewe, yaani hela ya pamoja ya kuendesha nyumba. Matumizi ya nyumba ya mfano kwa mwezi:

Chakula 330,000
Kodi 80,000 (inawekwa)
Umeme na maji 45,000
Mkaa na gesi 50,000
Nauli 60,000
Shule 60,000 (inawekwa)
Michango na ndugu 40,000
Dharura 25,000

Jumla 690,000.

Nani anatoa ngapi? Nusu kwa nusu inamwonea mwenye kipato kidogo: 345,000 kila mmoja, na mke mwezi mbaya ana 280,000 tu, lazima akope ndipo atoe. Gawanyeni kwa uwiano wa kipato. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa kutumia wastani wa kipato cha biashara. Tumieni mwezi mbaya. 640,000 na 280,000 ni 920,000. Mume ni kama asilimia 70, mke 30. Mume anatoa 483,000, mke 207,000. Mume anabaki na 157,000, mke 73,000. Mwezi mzuri wa mke una ziada ya 140,000, na hiyo ndiyo risasi ya kuulia madeni. Isiingie kwenye chakula hata siku moja.

---

Binti_Ukerewe

Kwa wasiojua biashara ya dagaa niwasaidie kwa nini "mwezi mbaya" si lugha ya kujitetea. Dagaa wa ziwani wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikikaa juu taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika siku kumi hivi, bei ya kununulia Mwaloni inapanda na mzigo ni mdogo. Halafu kuna mvua. Dagaa wakinyeshewa kwenye mchanga wanabadilika rangi, wanakwenda kuuzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Waliokaushwa kwenye chanja wana afadhali. Kwa hiyo Machi hadi Mei, na tena vuli, msipange kulipa deni kubwa kutoka upande wa dagaa.

La pili, mtaji. Mfano tu wa namba: gunia umelichukua kwa 120,000, umeuza 150,000. Watu wanasema faida ni 30,000. Toa usafiri 6,000, toa ushuru na mbebaji 4,000, zinabaki 20,000. Weka 5,000 ya hasara ya mzigo kuharibika. Ya nyumbani ni 15,000. Mkila 30,000 mnakula mtaji, na baada ya magunia manane huna hela ya kununua gunia moja. Hapo ndipo kausha damu anapoingia mlangoni.

Laini ya biashara iwe ya biashara. Ikichanganyika na ya sukari huwezi kujua nani kala nini.

---

Mzee_wa_Igoma

Nyie vijana mnapenda asilimia. Mke na mume ni kapu moja. Zote ndani, anatumia mwenye shida.

---

Mhasibu_Pasiansi

Mzee wangu shikamoo. Kapu moja linafanya kazi pale wote wawili wanapoona salio wakati wote na hakuna mwenye mtaji wa biashara ndani yake. Tatizo lake ni kwamba kila soda inakuwa ya kuulizana, na mtu akichoka kuulizwa anafungua laini ya siri. Makapu matatu, langu, lako na letu, kama tulivyogawa hapo juu, yanampa kila mtu kiasi ambacho hana haja ya kukitolea maelezo. Kwenye mfano ni 157,000 na 73,000. Mkiona pengo hilo ni kubwa, sawazisheni. Hakuna sheria inayowazuia.

---

Wakili_Capripoint

Hapo kwenye sheria niongezee machache, maana watu wanachanganya.

Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi kwamba mkioana mali na madeni vinakuwa kitu kimoja. Deni alilochukua mmoja kwa jina lake, kwa mkataba wake, ni lake, mpaka pale mwenzake aliposaini kama mdhamini. Wakopeshaji wa mtaani wanajua, ndiyo maana wanataka sahihi ya mwenza. Ukisaini udhamini umeingia kwenye deni. Soma kabla.

Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani au kuuzwa na mmoja peke yake bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe ya kweli, usisainishwe karatasi tupu.

Na kwa nyumba ambayo mama hana biashara wala mshahara: kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kwa hiyo habari ya "hela yangu, wewe unachangia nini" haina miguu mahakamani, na kwenye kapu la nyumba isiwe nayo.

---

Kapteni_Kamanga

Twende kwenye madeni sasa. Lipi kwanza? Mimi naona kausha damu, maana ndiyo linalotuma watu mlangoni.

---

Mhasibu_Pasiansi

Panga kwa swali moja: nikilipa leo badala ya mwezi ujao, naokoa shilingi ngapi?

Deni la simu. Kila mtandao una viwango vyake, visome kwenye menyu. Tuseme kwa mfano ni asilimia 1 kwa siku. 85,000 inakula 850 kila siku, 25,500 kwa mwezi. Ukililipa leo unaokoa kuanzia kesho. Hili ni la kwanza, linalipwa na ile ziada ya 140,000 ya mwezi mzuri wa dagaa, na inabaki 55,000.

Kausha damu. Muulize mkopeshaji, ikiwezekana kwa maandishi: nikimaliza mapema riba inapungua? Wengi watakwambia haipungui, jumla ni ile ile. Kama haipungui, huokoi kitu kwa kukimbilia kulimaliza. Endelea na rejesho la kawaida bila kuchelewesha hata siku moja, kwa sababu faini ndiyo mahali wanapopatia hela.

Daftari la duka halina riba, lakini lina heshima. Lipa kiasi kila wiki, na kuanzia leo msiandikishe kitu kipya. Mangi mwenye duka akiona deni linashuka hana neno.

Advansi ya benki ndiyo inayohitaji subira, nitaiwekea posti yake.

---

Afisa_SACCOS

Kabla hujafika huko, watu wajue bei ya kausha damu. Chukua mkopo wa 300,000, rejesho 13,000 kwa siku, siku 30. Unalipa 390,000. Mtu anasema riba ni asilimia 30. Kwanza umekatwa "fomu" 15,000, kwa hiyo umepokea 285,000. Gharama ni 105,000. Pili, unarejesha kila siku, kwa hiyo kwa wastani mwezi mzima umekaa na kama nusu tu ya ile hela. 105,000 juu ya 142,500 ni zaidi ya asilimia 70 kwa mwezi mmoja.

Wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) wenye leseni ya Benki Kuu, BoT, kikomo chao cha riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 300,000 ni 10,500. Linganisha wenyewe. Muombe mkopeshaji leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka awe nayo.

Na programu za simu: Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na kibali. Ile tabia ya kusoma majina kwenye simu yako na kumtumia shemeji na mwalimu mkuu ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu, hifadhi picha za ujumbe huo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume yake. Malalamiko ya mkopo yenyewe, BoT wana tawi hapa hapa Mwanza.

Walioacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji: nendeni tawini mkaifunge kadi, mchukue nyingine. Deni linabaki na mnalilipa, lakini kwa mkono wenu.

---

Dada_Nyegezi

Kuna mtego mwingine wa simu watu hawauoni mpaka uwaumize. Laini ikiwa na deni la kumalizia muamala, hela yoyote inayoingia inakatwa kwanza. Mume anatuma 60,000 ya sare za mtoto, mke anapokea ujumbe salio 0, na ugomvi wa usiku kucha unaanza hapo wakati hela imekwenda kwenye deni. Mpaka deni liishe, hela yenye kazi maalumu isipite kwenye laini hiyo. Hela ya shule ilipwe moja kwa moja akaunti ya shule, dukani itumike lipa namba kutoka laini safi, kodi iende benki.

Likiisha, ingia kwenye menyu ujitoe kwenye huduma. Kama menyu haikupi nafasi ya kujitoa, piga huduma kwa wateja. Usiache "kwa ajili ya dharura". Ukiiacha wazi, muamala ukipungukiwa 2,000 unakamilishwa kwa kugusa kitufe tu na saa imeanza kuhesabu.

---

Mhasibu_Pasiansi

Advansi ya 300,000. Mume anapata 640,000, benki inakata 300,000, anabaki na 340,000, anachukua tena 300,000, anatumia 640,000. Nimeacha ada pembeni ili hesabu isomeke.

Wengi wanasema "mwezi huu sichukui kabisa". Wanabaki na 340,000, kapu peke yake linataka 483,000 kutoka kwake, tarehe 12 wanakwenda kwa kausha damu. Msiruke ngazi. Shusheni 50,000 kila mwezi:

Mwezi 1: anakatwa 300, anabaki 340, anachukua 250. Ana 590.
Mwezi 2: anakatwa 250, anabaki 390, anachukua 200. Ana 590.
Mwezi 3: anakatwa 200, anachukua 150. 590.
Mwezi 4: anachukua 100. 590.
Mwezi 5: anachukua 50. 590.
Mwezi 6: anakatwa 50, hachukui. 590.
Mwezi 7: 640 nzima.

(Zote ni maelfu.) Angalieni safu ya mwisho. Mnajibana mara moja tu, 50,000, na mnakaa palepale miezi sita. Haizidi kukaza kila mwezi kama watu wanavyoogopa. Na 50,000 hiyo inatoka kwenye ile 157,000 ya mume, kapu la nyumba haliguswi, watoto hawapunguziwi chakula.

Ada kama ni asilimia 5 kila unapochukua, 300,000 inakugharimu 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka, kwa hela ambayo ni yako mwenyewe. Ukishusha ngazi unalipa 12,500, 10,000, 7,500, 5,000, 2,500. Jumla 37,500 na imekwisha.

Jambo moja: kila unaposhuka, waombe benki washushe na kikomo chenyewe. Kikomo kikibaki 300,000 kwenye simu, mkono utakwenda.

---

Afisa_SACCOS

Kama mmoja ni mwanachama wa SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) kuna njia ya bei nafuu zaidi. Mkopo wa 300,000, riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, miezi sita. Mtaji 50,000 kila mwezi, riba 4,500, 3,750, 3,000, 2,250, 1,500, 750. Jumla ya riba 15,750. Rejesho linakaribiana na 50,000 ile ile ya Mhasibu, gharama chini ya nusu.

Sharti: advansi ifungwe siku hiyo hiyo. Nyumba inayochukua mkopo wa SACCOS na kuacha advansi wazi inaishia na yote mawili ndani ya miezi miwili. Maombi mengi ya mkopo wa "kulipa mkopo" yanakufa hivyo.

VICOBA, vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa, riba yake mara nyingi iko juu kuliko SACCOS, ila sehemu inarudi kwenu kwenye gawio. Mchezo (upatu wa kupokezana) nao ni mzuri: omba namba za mwanzo, kijumbe anayeuendesha akikubali umepata mkopo bila riba. Ila ukishapokea usikimbie, Mwanza ni ndogo.

---

Mzee_wa_Igoma

Na mtumishi ambaye makato yameshajaa? Mimi nawajua wanaopokea elfu tisini.

---

Mhasibu_Pasiansi

Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Kama hati ya mshahara inaonyesha chini ya hapo, aipeleke kwa afisa utumishi wa halmashauri, Nyamagana au Ilemela, aulize kato kwa kato. Wakati mwingine kuna mkopo ulioisha na bado unakatwa. Lakini advansi na ovadrafti hazionekani kwenye hati, zinakatwa hela ikishafika benki, na ndiyo maana mtu ana theluthi yake kwenye karatasi na mfukoni hana nauli.

Kwa huyo wa elfu tisini, ngazi ya 50,000 haiwezekani. Aombe benki igeuze ovadrafti kuwa mkopo wa muda, rejesho dogo, miezi 12 au 18, na kikomo kifungwe. Atalipa riba zaidi kwa jumla, ila atapata pa kupumulia. Aende kabla hajachelewesha. Baada ya kuchelewesha jina limeshafika kwenye kumbukumbu za wakopaji na mazungumzo yanakuwa mengine.

---

Kapteni_Kamanga

Kapu mnaliweka wapi kivitendo? Kibubu, laini au benki?

---

Dada_Nyegezi

Vitu viwili tofauti. Hela ya kodi, shule na dharura: akaunti ya pamoja benki, sahihi za wote wawili, bila kadi. Ugumu wa kuitoa ndiyo faida yake. Hela ya chakula: laini moja ya nyumba, isiyo na huduma ya mkopo, wote mnajua salio. Toeni kwa wakala mara moja kwa wiki, kiasi cha wiki nzima. Ukitoa 10,000 mara nane unalipa ada mara nane, na ada za viwango vya chini ndizo zinazouma ukilinganisha na kiasi.

Mkaa ununuliwe gunia, wa kopo ni ghali. Umeme, kama mko kwenye kundi la matumizi madogo, uniti 75 za mwezi zina bei ya 100 na zinazozidi ni 350. Nyumba ya wapangaji watatu kwenye LUKU moja inavuka hapo mapema, kwa hiyo mkigawana bili mjue mwenye pasi na friji ndiye anayewavusha.

Kibubu ni cha mtoto.

---

Binti_Ukerewe

😂 Kibubu cha mbao kimejenga nyumba Nansio dada, tusidharauliane.

Na kikao? Kila lini?

---

Mhasibu_Pasiansi

Jumapili jioni, nusu saa, simu zote mezani. Mnasoma salio la kapu, salio la kila deni, na kilichoahidiwa wiki inayokuja. Anayeandika abadilike kila mwezi ili mmoja asigeuke mkaguzi wa mwenzake. Biashara ya dagaa iangaliwe na kalenda ya mwezi wa angani: wiki ya mbalamwezi ikikaribia, mke atenge mchango wake wa 207,000 mapema, wakati wa giza, hela ikiwepo.

Mwezi wa 7, ile 50,000 isiachwe ielee. Iingie dharura mpaka ifike 690,000, kapu la mwezi mmoja. Na 55,000 iliyobaki kwenye ziada ya dagaa ianzie hapo hapo. Benki iandike barua kwamba advansi imefungwa na haidaiwi. Baada ya miezi miwili angalieni tena taarifa ya akaunti. Ada ndogo ya huduma iliyosahaulika inaweza kuendelea kukatwa, na bila ile barua mtazungushwa kaunta hadi kaunta.

---

Kapteni_Kamanga

Nimechapisha posti ya ngazi, naibandika jikoni. Swali la mwisho: mwenye nyumba akikubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita, nichukue?

---

Dada_Nyegezi

Chukua. 240,000 ni rahisi kuifikia kuliko 480,000, hata akiongeza elfu mbili kwa mwezi. Mwandikishane.